Nyaraka za Mwalimu Anayeshika Darasa la Mwenziwe

Katika shule zetu za msingi hakuna mwalimu wa akiba. Mwalimu anapougua, anapokwenda kujifungua, anapofiwa au kuitwa semina, Mwalimu Mkuu hana orodha ya walimu wa ziada ambayo aweza kuifungua asubuhi ile akamwita mmoja wao. Darasa hugawiwa walio karibu. Mwalimu wa chumba cha pili huacha mlango wake wazi ili asikilize kelele za pande mbili. Mwalimu wa zamu huingia, akaandika hesabu kumi ubaoni, akatoka. Au darasa hupewa kijana anayejitolea, ama mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha. Wengi wenu mnaosoma makala haya mtalishika darasa la mtu mwingine kabla hamjapewa lenu. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kulizungumza kwa kirefu jambo ambalo aghalabu hupitwa upesi: nyaraka zinazomwezesha mwalimu kulipokea darasa na kulikabidhi pasipo watoto kupotewa na siku zao.

Hasara hiyo tuitazame kwa tarakimu. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni siku 84, na kwa mama aliyejifungua pacha ni siku 100. Siku 84 ni majuma 12. Yakiangukia yote ndani ya mihula, ni siku 60 za masomo katika mwaka wa shule wenye siku 194, yaani karibu theluthi moja. Mtoto wa Darasa la Kwanza ambaye katika siku hizo 60 ameimbishwa silabi alizokwisha kuzijua, kwa kuwa aliyeingia darasani hakujua mwenzake aliishia wapi, ataingia Darasa la Pili akiwa nyuma, wala hakuna atakayekumbuka sababu yake. Mama mwalimu hana kosa kwa kwenda kujifungua. Lakini daftari lake likiwa limeandikwa vizuri, darasa lingeweza kuendelea.

Sisi tulio katika nchi ya Unyamwezi tunao mfano wa karibu wa kazi ya kupokezana mizigo na maandishi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ilipo, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana njia nzima kwa ustadi wao. Mizigo ilibadilishwa mabega mara nyingi, na kila mara ilipobadilishwa lilikuwapo swali lile lile: ni nini kilichomo, ni cha nani, na kimepungua wapi?

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipokuwa Unyanyembe aliukuta mfuko wa barua za David Livingstone. Juu yake palikuwa na tarehe ya Novemba 1870. Msafara uliouchukua ulikuwa umekawia pwani, kisha ukakwama Unyanyembe wakati wa vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Barua zile zilimfikia mwenyewe Ujiji mwezi Novemba 1871, baada ya mwaka mzima. Hazikuibwa wala hazikuharibika. Zilikosa tu mtu wa kuzipokea na kuzisogeza mbele. Majalada mengi katika kabati za shule yamo katika hali hiyo hiyo.

Mfano wa pili ni bora zaidi, na tungependa kila mwanachuo aujue. Livingstone alikaa Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, mpaka Agosti 1872, akiwangoja wapagazi na vifaa ambavyo Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Miongoni mwa waliokuja alikuwamo kijana aitwaye Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, Uhindi. Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma na Susi waliyafungua masanduku yake mbele ya wenzao wote, wakamwita Wainwright, kwa kuwa alijua kuandika, aorodheshe kila kilichomo. Aliiandika orodha hiyo katika kurasa za mwisho za daftari la marehemu mwenyewe. Ndipo wakaubeba mwili na masanduku. Walipofika Kwihara mwezi Oktoba, Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekuwa hapo na msafara wake, alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia ingawa wenyewe hawakuridhika. Maandishi yakaendelea na safari, yakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874, na mwaka huo huo yakachapishwa London.

Tutazame mambo ambayo watu wale waliyafanya. Waliorodhesha kabla ya kuondoka, si baada ya kupotea kitu. Waliorodhesha mbele ya mashahidi. Waliiweka orodha pamoja na vitu vyenyewe, katika daftari ambalo lisingetupwa. Kitu kilipotwaliwa njiani, ilijulikana ni kipi. Hakuna kitabu cha utunzaji wa kumbukumbu kinachofundisha zaidi ya hayo, nao waliyafanya wakiwa na msiba.

Karatasi za mwalimu mwenyewe

Nyaraka tunazozungumzia ni za aina mbili. Za kwanza ni za mwalimu mwenyewe, zinazomthibitisha kuwa ndiye na kwamba amefuzu. Za pili ni za darasa. Mwanachuo hufikiri za kwanza ni jambo la kungoja ajira, na za pili ni jambo la kumridhisha mkaguzi. Fikira zote mbili zina hatari.

Mnamo Aprili 28, 2017 mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi. Vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Watu wengi walilikumbuka kundi la kwanza, kwa kuwa ndilo lililozungumzwa sana. Lakini lilikuwapo kundi jingine la watumishi 11,596 ambao vyeti vyao vilikuwa pungufu. Hao hawakutajwa kuwa wameghushi. Karatasi walizowasilisha hazikutimia. Mwalimu mwaminifu hana haja ya kuliogopa kundi la kwanza, bali anaweza kujikuta katika hili la mwisho kwa uzembe tu wa kuacha cheti kwa mjomba aliyehamia Mpanda.

Basi mwanachuo awe na jalada moja lenye cheti chake cha kuzaliwa, vyeti vya Baraza la Mitihani la Tanzania, cheti cha ualimu atakapokipata pamoja na matokeo yake, na kitambulisho cha Taifa. Kando ya hivyo ziwepo nakala kadhaa zilizothibitishwa na wakili au hakimu, barua ya chuo inayomtambulisha, na picha ndogo zisizopungua nne. Anayekusudia kufanya kazi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana aongeze taarifa ya afya yake na majina ya watu wawili wanaomjua kwa mwenendo. Vituo hivyo vimo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na husimamiwa na maofisa wa ustawi wa jamii. Mwenye kituo anayekupokea bila kukuuliza wewe ni nani huenda hawaulizi na wengine, na hilo ni jambo la kulitazama kabla ya kukubali kazi.

Cheti halisi kisitolewe mkononi. Anayetaka kukiona akione, kisha kirudi katika jalada; anayetaka kubaki na kitu apewe nakala. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu kijana anayetafuta nafasi huona haya kumkatalia mkubwa. Akaacha cheti chake katika mtoto wa meza ya mtu, yule mtu akahamishwa, na meza ikabadilishwa. Kazi ya kutafuta cheti kilichopotea huanzia kituo cha polisi kwa taarifa ya upotevu, tena huchukua muda mrefu kuliko nafasi iliyokuwa ikitafutwa.

Jambo linalowasumbua wengi zaidi katika sehemu zetu ni majina. Mtoto wa Kinyamwezi aweza kuwa na jina la kuzaliwa, kama Kulwa au Doto kwa pacha, na Shija kwa anayewafuata pacha. Akapewa la dini. Akapewa na la babu. Tena sauti za *l* na *r* huandikwa kwa namna mbili. Mtemi yule tuliyemtaja huandikwa Mirambo vitabuni, na shule ya sekondari ya hapa Tabora iliyopewa jina lake huandikwa Milambo, wala hakuna anayeona ajabu. Lakini karani wa ajira huona ajabu. Tuchukue mfano wa kubuni: cheti cha kuzaliwa kinasema Kulwa Ruhende, cheti cha kidato cha nne kinasema Maria K. Luhende, kitambulisho cha Taifa kinasema Maria Kulwa Shija. Kwa jirani zake huyu ni mtu mmoja. Kwa karatasi ni watu watatu. Dawa yake ipo: kiapo mbele ya hakimu au wakili, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kwa kadiri tofauti ilivyo. Dawa hiyo itafutwe mwanachuo akiwa bado chuoni, ambapo ana miezi ya kungoja, si jioni ya mwisho ya kupeleka maombi.

Karatasi za darasa

Tulisema kwamba nyaraka za darasa hazipo kwa ajili ya mkaguzi. Zipo kwa ajili ya mtu atakayeingia chumbani kesho wewe usipokuwapo. Tukilishika wazo hili, namna ya kuziandika hubadilika.

Azimio la kazi humwonyesha mgeni njia nzima ya muhula. Shajara ya kazi humwonyesha mahali ulipofika. Andalio la somo humwonyesha hatua inayofuata. Rejesta ya mahudhurio humwonyesha ni nani aliye naye na nani hayupo. Hivi vinne vikiwa mezani, mwalimu asiyelijua darasa anaweza kufundisha siku ya kwanza. Lakini kilicho muhimu kupita vyote kwa mgeni ndicho kinachoandikwa vibaya kupita vyote, nacho ni shajara. Tumesoma shajara nyingi zenye neno moja tu katika safu ya maoni, kuanzia Januari mpaka Novemba: “Limeeleweka.” Neno hilo halimsaidii mtu. Likiandikwa “Wanajumlisha bila kubeba, kubeba makumi bado kwa watoto 19, vijiti vinasaidia”, mgeni amejua aanzie wapi na achukue nini mkononi. Sentensi moja ya namna hiyo kila siku haichukui dakika mbili.

Wapo wanaodai kwamba nyaraka ni mzigo unaomnyima mwalimu nafasi ya kufundisha, na hatupingi kwamba zipo fomu zinazojazwa mara tatu kwa jambo moja. Hata hivyo historia yetu yenyewe inaonyesha faida yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoleta mbele lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka mwaka 1989 hadi 1977, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza Darasa la Saba walipewa madarasa ya chini wayafundishe sehemu ya siku, huku wakijifunza ualimu kwa miaka 3 kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa msaada wa waratibu katika kata. Kisha waliingia chuoni kwa majuma machache. Watu huwakumbuka walimu wa UPE kwa mzaha, na mzaha huo mara nyingi si wa haki. Mafunzo yao yalitawanyika mahali pengi, na kilichoyaunganisha ni maandishi: masomo yaliyotumwa, majibu yaliyorudishwa, maandalio yaliyosahihishwa. Kijana wa miaka 17 aliyeachwa peke yake na watoto wengi aliweza kusimama kwa sababu alikuwa na karatasi ya kumwongoza mpaka saa ya kengele.

Kwa hiyo tunapendekeza kila mwalimu aweke katika kabati la darasa bahasha moja iliyoandikwa “Siku ya Kwanza”. Ndani yake iwemo ratiba, mchoro wa mahali wanapokaa watoto, majina ya viongozi wa darasa, maelezo ya mahali zana zilipo, na kazi za akiba za siku mbili zisizohitaji kitabu wala chaki nyingi: hesabu za kufanya kwa mbegu au vijiti, hadithi fupi yenye maswali, mchezo wa maneno. Kazi hizo zibadilishwe kila muhula, kwa kuwa watoto huzikumbuka, nao wataanza kucheka.

Darasa la awali

Hapa ndipo upungufu wa nyaraka unapokuwa hatari ya mwili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na kipimo cha sera ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Shule nyingi zimepita kipimo hicho kwa mbali. Anayeingia katika chumba chenye watoto wadogo kwa siku moja hawezi kuwauliza mambo yao. Mtoto wa miaka 5 hujua kwamba anaitwa Doto na kwamba mama yake ni mama Doto, basi.

Fikirini mtoto mwenye kifafa anayeanguka saa tatu asubuhi mbele ya mwalimu wa muda ambaye hakuambiwa. Au mwenye selimundu ambaye mwalimu mgeni amemkimbiza juani bila maji kwa kuwa ni kipindi cha michezo. Au mtu anayekuja saa tano akisema ni baba mdogo, amekuja kumchukua mtoto. Mtoto anamjua, anamfuata, na mwalimu hana pa kutazama kama mtu huyo ameruhusiwa. Mwalimu wa kila siku ana majibu yote matatu kichwani. Kichwa chake kipo hospitali ya wilaya na mwanawe mgonjwa.

Kwa sababu hiyo kila mtoto wa awali awe na kadi yake moja. Upande wa mbele uandikwe jina kamili, jina analoitwa nyumbani, tarehe ya kuzaliwa, lugha inayozungumzwa kwao, jina la mzazi au mlezi, kitongoji au mtaa, namba ya simu, na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, wasizidi watatu. Upande wa nyuma uandikwe ugonjwa unaojulikana, kitu kinachomdhuru, na la kufanya likitokea. Tarehe ya kuzaliwa inakiliwe kutoka cheti cha kuzaliwa, na kama hakipo, kutoka kadi ya kliniki, kwa maana kadi hiyo iliandikwa na mtu aliyempima mtoto. Isikisiwe kwa kumtazama kimo.

Habari za ugonjwa ni siri ya familia. Kadi zikae katika kisanduku kinachofungwa, na ufunguo ujulikane na Mwalimu Mkuu na mwalimu wa zamu. Haifai kubandika ukutani karatasi yenye majina ya watoto wagonjwa, ingawa tumeona ikifanyika kwa nia njema kabisa.

Turudi kidogo kwa Kulwa wetu wa kubuni mwenye majina matatu. Tofauti za namna hiyo mara nyingi huanzia siku ya uandikishaji. Mwalimu alisikia “Ruhende” akaandika alivyosikia, wala hakuomba kuona karatasi. Jina lililo katika daftari la uandikishaji likaingia katika rejesta, kutoka rejesta likaingia katika orodha ya watahiniwa wa Darasa la Saba, na kutoka hapo likamfuata. Miaka 20 baadaye mtu mzima anapanga foleni mahakamani kwa ajili ya herufi moja. Mwalimu wa awali, hata yule wa muda aliyekuja kushika kalamu kwa juma moja la uandikishaji, asome karatasi, aandike herufi kwa herufi, kisha amsomee mzazi kwa sauti. Mzazi asiyejua kusoma anajua kusikia.

Vipindi vya awali ni vya dakika 20, na vya Darasa la Kwanza na la Pili ni vya dakika 30. Mgeni aliyezoea madarasa ya juu husahau hili, akawashika watoto wadogo kwa jambo moja mpaka wakalala. Iandikwe katika bahasha.

Mahali pa kuhifadhi

Adui wa karatasi katika nchi ya miombo ni mchwa, panya na mvua ya Desemba. Jalada lisiwekwe sakafuni wala lisiegemezwe ukutani. Mchwa hupanda kwa ukuta. Kopo la bati lenye kifuniko, la biskuti au la maziwa, hulinda kuliko mkoba wa ngozi. Ndani yake karatasi zikae katika mfuko wa plastiki mzito. Siku hizi nakala tepe katika simu ni msaada mkubwa, lakini simu huibwa na huanguka majini. Zitumwe pia katika barua pepe ya mwenyewe, na nakala moja ya karatasi iachwe kwa mtu wa nyumbani anayeaminika. Juu ya kifuniko, kwa upande wa ndani, ibandikwe orodha ya vilivyomo na tarehe, kama alivyofanya Wainwright. Kinapotoka kitu, kiandikwe kimekwenda wapi.

Kazi ya kufanya katika mazoezi ya kufundisha

Katika juma la pili la mazoezi, wanachuo wawili wanaofundisha shule moja wabadilishane madarasa kwa siku moja pasipo kuzungumza lolote juu ya watoto wala masomo. Kila mmoja ategemee maandishi ya mwenzake tu. Jioni wakae pamoja, na kila mmoja aandike maswali yote ambayo alitaka kumwuliza mwenzake darasani asiweze. Maswali hayo yakabidhiwe kwa mkufunzi pamoja na shajara zote mbili, na kila mwanachuo apewe siku tatu kuyajibu ndani ya nyaraka zake mwenyewe.